"Poa": Neno Fupi Lililobeba Mizigo Mingi

Hapana neno linalotembea sana hapa Mombasa siku hizi kuliko neno "poa". Panda matatu kutoka Kisauni kuja mjini, utamsikia utingo akilisema pale abiria anapompa nauli kamili bila ya ubishi. Vuka Likoni kwa feri, utawasikia wapitaji wakirushiana kutoka upande huu na upande huu. Ingia Marikiti au soko la Kongowea, muuza nyanya atakuapia kwamba bei yake ni "bei poa". Nao vijana wakikutana maskani hawazidishi maneno mawili: "Mambo?" "Poa." Kisha kila mmoja hushika njia yake.

Neno lenyewe ni la silabi mbili tu, wala halina ugumu wowote wa kutamka. Lakini nimelifuata neno hili kwa muda mrefu, barazani, sokoni, harusini na hata matangani, nikaona kwamba limebeba mizigo mingi kuliko hamali wa bandarini. Leo, mpenzi msomaji, nataka tuishushe mizigo hiyo mmoja mmoja tuitazame. Nafanya hivyo kwa sababu wazee wengi hulikasirikia neno hili bila ya kulijua, na vijana wengi hulitumia bila ya kulifikiri.

Jambo la kwanza ambalo yafaa lieleweke ni kwamba "poa" si neno geni. Wako wanaodhani kwamba lilizaliwa Nairobi pamoja na Sheng, na wengine husema lilikuja na mabasi kutoka Dar es Salaam. La hasha! Hili ni Kiswahili cha bibi zetu. Uji hupoa, chai hupoa, pasi ya makaa hupoa. Homa nayo hupoa. Hasira hupoa. Mtu aliyekuwa mgonjwa akipata nafuu, wazee husema amepoa, na tabibu aliyemtibu husemwa kwamba amempoza. Ukilifungua kamusi la Johnson lililochapishwa mwaka 1939 utalikuta neno hili limekaa mahali pake kama kitenzi, na hali ni hiyo hiyo ukiifungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1981.

Tena neno hili lina jamaa kubwa. Kuna "poza", kama vile kupoza koo kwa maji ya dafu au kupoza moyo wa aliyefikwa na msiba. Kuna "pole", neno tunalompa mgonjwa, mfiwa, na hata aliyejikwaa njiani. Kuna mtu "mpole", na kuna mwendo wa "polepole". Yote hayo yananukia ubaridi ule ule: kuondoka kwa moto, kutulia, kupata nafuu. Na wahenga walipotaka kutufunza kwamba jambo zito halimalizwi kwa juhudi ndogo, walisema kwamba uji ukiwa wa moto haupozwi kwa ncha ya ulimi.

Basi ikiwa neno ni letu tangu zamani, kipya ni kipi? Kipya ni kazi liliyopewa. Zamani "poa" lilikuwa kitenzi, likivaa viambishi kama vitenzi vingine: imepoa, itapoa, haijapoa. Vijana wamelivua nguo hizo zote, wakalisimamisha tupu, wakalifanya sifa. Leo husemwa mtu poa, kitu poa, viatu poa, nyumba poa. Halibadiliki kwa ngeli yoyote, sawa na maneno kama "safi", "ghali" na "rahisi" ambayo tuliyapata kutoka Kiarabu. Kitenzi cha Kibantu kuvuliwa viambishi na kuketi katika kiti cha sifa si jambo la kila siku katika lugha yetu. Mwanafunzi wa sarufi akiona hivyo hana budi kutia kalamu masikioni akafikiri.

Na hapo ndipo panapotokea ajabu yenyewe. Tazama mifano hii. Ukisema "harusi ilikuwa poa", umeisifu: biriani lilitosha, taarab ilinoga, na wageni waliondoka wakicheka. Lakini ukisema "harusi ilipoa", umeitia ila: watu walikuwa wachache na vigelegele vilikuwa vya kulazimishana. Mfanyabiashara akikwambia "biashara poa", mpe hongera. Akikwambia "biashara imepoa", mpe pole. Ukimwambia mama mwenye mkahawa "chai yako poa", atatabasamu. Ukimwambia "chai yako imepoa", ataichukua akaitie moto tena, au akununie. Neno ni lile lile, na watu ni wale wale. Kiambishi kidogo tu ndicho kinachotenga sifa na lawama.

Kwa mtu nako kuna maana tatu mbalimbali. "Kijana poa" ni kijana mwema, asiye na makuu. "Kijana yuko poa" maana yake hana shida, mambo yake yamekaa sawa. Ama "kijana amepoa", hapo itategemea msemaji. Mzee wa Kibokoni akisema hivyo huenda anasifu upole wake na adabu yake, au anashukuru kwamba ameinuka kitandani. Kijana mwenziwe akisema hivyo, aghalabu anamcheka kwamba amezubaa, hana uchangamfu. Mzee na kijana wanaweza kukaa baraza moja, wakamzungumza mtu mmoja kwa neno moja, na kila mmoja akaondoka na picha yake.

Huo si mwisho wa mizigo. Mimi mwenyewe nimehesabu kazi saba ambazo neno hili hufanya katika mazungumzo ya siku moja tu. Kwanza, ni jibu la salamu. Pili, ni sifa, kama tulivyoona. Tatu, ni kukubali: "Tuonane baada ya Alasiri." "Poa." Nne, ni kusamehe: mtu akikukanyaga katika msongamano wa feri akakuomba radhi, unamwambia "ah, poa", na jambo limekwisha. Tano, ni kuaga, hasa kwenye simu: "Haya, poa." Sita, ni kumtuliza mwenye hasira: "Poa, bwana, poa!" Na hapa, bila ya vijana kujua, neno hurudi kwenye asili yake, kwa sababu anayeambiwa hivyo kweli anatakiwa apunguze moto. Saba, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni kukataa au kununa. Mke akimwambia mumewe kwamba hatakuwa na nafasi ya kwenda kumtazama mama mkwe, mume akajibu "poa" kwa sauti fupi iliyokatwa, basi ajuaye nyumba anajua kwamba hapo hapana poa yoyote. Maana yote iko katika sauti, na sauti haiandikiki.

Wako wasomi wanaosema kwamba maana hizi mpya ni tafsiri tu ya neno la Kiingereza "cool", lililokuja na filamu na muziki wa Marekani. Huenda pana ukweli ndani yake, kwani maneno mawili hayo yanafanana mno kwa kazi zao. Lakini tusikimbilie kusema kwamba tumeazima. Neno hilo la Kiingereza lenyewe lilipata maana yake ya mtaani kutoka vinywani mwa Wamarekani weusi, hasa wapiga muziki wa jazi. Mpuliza saksafoni Lester Young aghalabu hutajwa kuwa miongoni mwa waliolieneza, na mwaka 1957 sahani ya Miles Davis ilitoka ikiwa imelibeba neno hilo katika jina lake, Birth of the Cool. Kisha mwaka 1973 mtaalamu wa sanaa za Kiafrika, Robert Farris Thompson, aliandika makala akieleza kwamba fikira ya ubaridi kama tabia njema, yaani utulivu wa uso na wa moyo hata mtu awapo katika shida, ni fikira ya Kiafrika tangu zamani. Alitoa mfano wa Wayoruba wa Nigeria, ambao huiita tabia hiyo "itutu". Ikiwa ni hivyo, basi huenda mgeni huyu tunayemshangaa mlangoni ni jamaa yetu aliyesafiri mbali akarudi na koti jipya.

Sisi wa Pwani hatuna haja ya kwenda Marekani wala Nigeria kujua kwamba ubaridi ni neema. Yeyote aliyekaa chuoni anakumbuka kisa cha Nabii Ibrahim alipotupwa motoni na watu wake. Katika Sura ya Anbiyaa, aya ya 69, moto ule uliamrishwa uwe ubaridi na salama juu yake. Tazama namna ubaridi na salama yalivyowekwa pamoja! Na katika Sura ya Furqan, aya ya 74, waja wema husifiwa kwamba humuomba Mola wao awape katika wake zao na dhuria zao kile kinachoitwa "qurrata a'yun". Baadhi ya wafasiri wameeleza kwamba asili ya maneno hayo ni ubaridi wa macho, kwa sababu machozi ya furaha huwa baridi na machozi ya huzuni huwa moto. Kwa hivyo kijana anayesema moyo wake uko poa hajasema jambo la kihuni. Amesema jambo ambalo wazee wake wangelielewa, ingawa amelikata mikono na miguu.

Hata hivyo, neno lililozunguka sana hupata na marafiki wabaya. Hapa nataka wasomaji wanisikilize kwa makini, hasa wale wenye jamaa upande wa pili wa mpaka. Katika lugha ya mitaani ya Tanzania, "dada poa" si sifa. Ni jina la kistiara la mwanamke anayejiuza, na "kaka poa" nalo limefuata njia hiyo hiyo. Lugha hiyo ya mitaani si jambo dogo. Watafiti Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling waliichunguza, na mwaka 2006 wakaitolea kamusi yenye maneno na misemo 1,100. Maneno yanayozunguka humo huvuka mpaka kila siku pamoja na wafanyabiashara, nyimbo na maharusi, lakini maana hazivuki zote.

Nilihudhuria harusi moja hapa mjini ambayo bibi harusi alikuwa wa kwetu na bwana harusi ametoka Dar es Salaam. Wageni walipokelewa kwa udi na halua, na mazungumzo yakawa mazuri. Kijana mmoja wa upande wetu, mwenye nia safi kabisa, akamkaribia ami yake bwana harusi akamwambia, "Mzee, mumepata dada poa." Yule mzee alibadilika uso. Kikombe cha kahawa kilisimama nusu ya njia, na waliokuwa karibu naye wakatazamana. Lau si mama mmoja mtu mzima, aliyeishi Dar es Salaam miaka mingi, kuingia kati na kueleza kwamba hapa Mombasa maneno hayo ni ya kusifu, sijui mambo yangeishia wapi. Neno lilipozwa, mzee akacheka, na kahawa ikanyweka. Lakini heshima ya binti wa watu ilikuwa imening'inia kwa dakika kadhaa katika uzi wa silabi mbili.

Sasa nije kwenye lile linaloniumiza zaidi, nalo ni salamu. Sisi ni watu wa salamu. Tunayo "Assalaamu alaykum", ambayo ni dua kabla ya kuwa maamkizi, na tumefunzwa katika Sura ya Nisaa, aya ya 86, kwamba aliyeamkiwa arudishe maamkizi yaliyo bora zaidi au angalau yaliyo sawa nayo. Tunayo "sabalkheri" na "masalkheri". Tunayo "shikamoo" na "marahaba". Kijana anayeitikia salamu ya Kiislamu kwa "poa" amepokea dua mkononi akairudishia ganda. Hilo halihitaji maelezo mengi, na wazazi wana haki ya kulikemea.

Lakini kuna jambo jingine ambalo watu hawalitazami. Maamkizi ya Waswahili ni marefu kwa sababu. Mtu akikuuliza, "Habari za nyumbani?" wewe hujibu "njema", hata kama nyumbani kuna mgonjwa. Wageni hutushangaa kwa hilo wakadhani ni unafiki. Si unafiki. Baada ya "njema" huja swali la pili, na la tatu: watoto je, mzee je, mama hajambo? Na hapo katikati ndipo linapopata nafasi neno "ila". "Sote wazima, alhamdulillahi, ila mzee anaumwa kidogo." Habari nzito huingia kwa mlango wa nyuma, polepole, bila ya kumshtua mtu. "Poa" haina mlango wa nyuma. Ikishasemwa, mazungumzo yamefungwa.

Jirani yangu mmoja ana wana wawili. Mkubwa anafanya kazi Ghuba, na mdogo yuko nyumbani na baba yao. Mzee alipoanza kuugua, yule mkubwa alikuwa akituma ujumbe kwa simu kila siku mbili tatu: "Mzee vipi?" Na mdogo wake alikuwa akijibu, "Poa." Hakuwa na nia ya kuficha. Kwake yeye hilo ndilo jibu la swali lolote linaloanza au kuishia na "vipi", kama vile mtu anavyosema "naam" akiitwa. Wiki zikapita. Kila jibu likawa poa, na mzee akawa analala kitandani, akila kidogo, akimuulizia mwanawe wa mbali. Mpaka siku moja mama mmoja wa mtaani akachukua simu, akampigia yule mkubwa, akamwambia wazi: "Mwanangu, njoo umuone babako." Alikuja. Alimkuta hai, alhamdulillahi, lakini kiharusi kilikuwa kimekwisha kuuchukua ulimi. Mzee alimtazama mwanawe, akamshika mkono, na yale aliyokuwa nayo moyoni wiki zote zile yakabaki moyoni.

Sisemi kwamba neno ndilo lililomuuguza mzee yule. Maradhi ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Nasema kwamba neno lililo pana kupita kiasi halibebi habari, kama wavu wenye matundu makubwa usivyobeba dagaa. Na tena halibebi ahadi. Vijana wana kichekesho chao kuhusu bwana harusi ambaye, aliposomewa maneno ya kuoa na kutakiwa aseme amekubali, alijibu "poa", na shekhe akafunga kitabu akasema, "Basi na mimi naenda zangu, poa." Watu hucheka, lakini ndani ya kicheko mna mafunzo. Ndoa hutaka kutoa na kupokea kwa maneno yaliyo wazi. Deni hutaka tarehe na kiasi. Ukimkopesha mtu fedha ukamwambia "utanirudishia mwisho wa mwezi", naye akakujibu "poa", jua kwamba hujapata ahadi bado. Muulize tena mpaka aseme kwa ulimi wake: ndiyo, nitakulipa, siku fulani.

Basi tufanye nini? Wako wanaotaka neno hili lipigwe marufuku nyumbani. Mimi siungi mkono. Lugha haipigwi marufuku kwa bakora, na neno lenyewe ni letu wa damu. Ukilifukuza kama sifa utalifukuza pamoja na homa zilizopoa na nyoyo zilizopozwa. Tena hata "jambo" tunalowaamkia watalii ufukweni ni kipande tu kilichokatwa kutoka "hujambo" na "sijambo", na leo hakuna anayelilia. Lugha hukata na kushona kila siku.

Ninachokitaka ni kila neno lipewe kiti chake. Vijana kwa vijana, maskani na sokoni, poa haidhuru kitu. Mbele ya aliyekuzidi umri, tumia maamkizi aliyokufunza mamako. Ukipewa salamu, irudishe kwa ukamilifu wake. Ukiwa na wageni kutoka Tanga, Dar es Salaam au Unguja, lichunge neno hilo lisikae karibu na dada wa mtu. Nanyi wazee, kabla ya kumkemea mjukuu, mueleze kwanza neno lilikotoka. Mwambieni kwamba bibi yake alilitumia usiku alipokesha akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji, na alfajiri akasema kwa kushukuru kwamba homa imepoa. Kijana akijua hivyo, huenda akalitumia kwa haya zaidi.

Na mtu aliye mbali akikuuliza hali ya mzazi wake, usimpe neno. Mpe habari.